Inazunguka, Haiwaki

Jumatatu, 2 Machi 1964

Tangu alfajiri napiga hendeli. Injini inazunguka, haiwaki. Mke wangu Mwanasha ana mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Dresa wa zahanati ya Vanga amesema afikishwe hospitali ya Msambweni upesi, yeye hana dawa yake. Basi halijafika hapa kwetu Jego tangu Ijumaa. Limebaki pikapu langu hili tu, nililoachiwa na Mzungu wa shamba la mkonge alipofunga virago. Juzi lilikwenda vizuri. Nimefungua kabureta, nimeisafisha. Petroli inafika. Wapi.

Jumanne, 3 Machi

Plagi zote nne nimezisugua. Nikaziegemeza kwenye chuma, jirani akazungusha hendeli. Hakuna cheche. Koili inatoa moto, lakini unapotelea njiani. Nimemfokea jirani wa watu bure.

Magharibi, nimeshakata tamaa, likawaka. Nilicheka peke yangu. Lakini taa za mbele ni mbovu, na barabara hii gizani ni kujitakia mauti. Mwanasha naye alikuwa amepata usingizi. Nikazima. Nikasema asubuhi.

Jumatano, 4 Machi

Haiwaki. Mjinga mimi. Mwanasha ametapika mara mbili.

Nikafungua kile kifuniko kinachogawa moto kwa plagi. Ndani matone. Mvua haijanyesha mwezi mzima, maji yametoka wapi? Nikanusa. Marashi.

Nikamwendea mama mkwe, anayekaa nasi; mwenye marashi ni yeye tu. Hakuficha. Tangu Mwanasha azidiwe, kila akimaliza kusali alfajiri anachukua mrashi wake, kile kichupa cha kunyunyizia, anafungua boneti, anainyunyizia injini ipate baraka ya safari. Na gari lilivyozidi kukataa, ndivyo alivyozidisha. Hata kile kifuniko alikifungua, marashi yaingie ndani; kumbe jana jioni liliwaka kwa kuwa joto la mchana lilikuwa limeyakausha. Damu ilinichemka. Lakini mkwe hafokewi.

Nikamwambia, "Mama, gari limeshiba baraka. Marashi yaliyobaki mnyunyizie Mwanasha."

Nikakausha kwa leso, pembe kwa pembe. Likawaka mara moja. Mwanasha alishikwa na kifafa njiani, mama yake kampakata huko nyuma. Nilikanyaga mafuta, mashimo nikayasahau. Msambweni saa nane mchana.

Alhamisi, 5 Machi

Nangoja. Siwezi kukaa. Hakuna anayeniambia kitu.

Ijumaa, 6 Machi

Mwanasha yu hai, alhamdulillahi. Mtoto alitoka kimya. Mwanamume. Nesi amesema tungewahi siku moja, huenda. Tumemzika hapa hapa kabla ya swala ya Ijumaa.

Mama mkwe hajala tangu jana. Nilipomwamkia shikamoo aligeuza uso. Baadaye akaniuliza taratibu, "Ni marashi yangu, mwanangu?"

Nikamwambia Jumanne gari liliwaka, nikalizima mimi. Ni kweli tupu. Akanitazama sana. Jumatano nilimchukia. Leo siwezi.

Maziwa ya Mwanasha yametoka. Mama anamkanda kwa kitambaa cha maji moto.