Kisu cha Ofisi na Kipande cha Gekara

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujauliza ni nani anayeomba, ujue si mtu wa kuokotwa njiani, mimi ni Nyang'au wa ofisi ya shamba la chai huku Kericho, na siku nisipofika chai haitoki kiwandani, mabwana wanabaki kutazamana, hata D.C., mkuu wa wilaya, anaijua hodi yangu, kwa maana barua zote za shamba hupita katika mikono hii miwili.

Mwaka jana bwana mdogo wa ofisi alipokwenda Ulaya alinipa kisu chake cha meza ya ofisi. Usifikiri ni kisu cha kuchuna mbuzi. Kikikunjwa kinaingia mfukoni, na ndani yake ofisi nzima imelala: pa kufungulia bahasha, pa kuchongea penseli, makasi madogo, sindano nene ya kutoboa makaratasi yafungwe uzi, na kijembe kimoja chenye umbo la jani changa la chai, ambacho karani akikosea hukwangulia wino mpaka karatasi inakuwa kama haijaandikwa. Siku moja chui alinizuia njia ya Kapkatet, nikakunjua vyote kwa pamoja, akaona mnyama mwenye kucha ambazo hajawahi kuziona, akakimbia mpaka leo.

Sasa kilio changu. Gekara ni mtoto wa ndugu yangu marehemu, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na mimi baba yake mdogo ndiye niliyebaki mahali pa baba. Alikuwa akikamua ng'ombe kwa mzungu mmoja upande wa Sotik, akaacha, akaja huku kutafuta kazi ya kiwanda. Jumapili baada ya kanisa, tumekaa nje ya nyumba yangu kambini, alitoa kipande katika kile kikopo cha bati cha shingoni, ile karatasi ya serikali ambayo kila bwana huandika siku aliyokuajiri na siku aliyokuachilia, akaniambia, "Baba mdogo, kesho naenda kwa karani. Hebu nisomee, yule mzungu aliniandikia nini? Hatukuachana vizuri."

Jirani yetu Nyambeki, ambaye mdomo wake haujui Jumapili, akadakia, "Msomee basi, mzee wa ofisi. Kila siku tunasikia habari za ofisi, leo tuione."

Nikashika kipande, nikakitazama, nikakohoa, nikasema, "Huyu mzungu ni mbaya. Ameandika wewe ni mkaidi, na hajakuachilia. Ukikipeleka hivi utashikwa kama mtoro wa kazi."

"Ameandika wapi?"

Nikaweka kidole. "Hapa."

Phelis mke wake akaanza kulia, nami nikamwambia, "Nyamaza, mama. Mnalia na mimi nimekaa hapa?" Nikatoa kisu.

"Baba mdogo," Gekara akasema, "hii si karatasi ya serikali?"

"Na hiki unafikiri ni kisu cha kukatia mboga?"

Nikakwangua. Wino ulitoka vizuri, mshauri, ulitoka kama vumbi, na watu wote walikuwa wameinama wakinitazama, na kwa sababu walikuwa wakinitazama nikaendelea kidogo kupita pale pa kukoma, karatasi ikapasuka tundu la kuingia ukucha. Nyambeki akacheka, "Ofisi imetoboka!" Nikaziba kwa ugali laini na kipande cha bahasha, nikasema wazungu wenyewe hufanya hivyo.

Kesho yake karani Alfayo alikiinua dirishani penye mwanga. Mimi nilikuwa mlangoni na mfuko wa barua begani. Akauliza, "Gekara, nani amekwangua hapa?"

Gekara alinitazama, si sana, akasema, "Ni mimi."

Nikatoka na mfuko wangu kama mtu mwenye haraka. Mfuko ulikuwa mtupu.

Askari walimchukua mchana huohuo. Kesi ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Alfayo aliniambia pembeni kwamba mikia ya herufi bado inaonekana, akasema, "Hapa palikuwa na tarehe na sahihi ya kuachiliwa. Yule mzungu alimwachilia vizuri kabisa. Sasa ataonekana mtoro, na tena mharibu kipande." Phelis bado ananiletea ugali kama mkwe mwenye adabu, anauweka mlangoni, anaondoka. Yeye na Nyambeki wamenyamaza kwa sababu Gekara alituma habari kutoka kule ndani: "Msimtaje baba mdogo. Aliona maneno mabaya, akataka kuniokoa."

Mshauri, nikisema ni mimi, nitafungwa, nitafukuzwa kazi, na Gekara ataniuliza yale maneno mabaya yalikuwa wapi. Nikinyamaza, atafungwa yeye. Sioni pa kukanyaga. Kwa kweli nilisoma misheni mpaka herufi za kitabu tu, zile zinazosimama moja moja. Zile za kushikana, za kalamu ya wazungu, sijui kuzisoma. Hata bahasha za ofisi, Alfayo hunitajia ni ya nani kabla sijaondoka.

Ni mimi Nyang'au.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Nyang'au, barua yako nimeisoma mara mbili, na herufi zake zote zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana, kwa hiyo nakuamini. Chui simwamini.

Nakuhurumia kwa kutojua kusoma herufi za kushikana. Wako wengi, na si kosa. Lakini mtoto wa ndugu yako alikuomba jambo moja tu, umsomee, na ungeweza kumjibu, "Mpelekee Alfayo." Nyambeki angecheka mpaka jioni, halafu angeenda kupika. Wewe ulikikwepa kicheko cha jirani mmoja ukamsingizia mzungu asiyekuwepo, kisha ukakwangua uhuru wa Gekara kwa mkono wako, na aliposema "ni mimi" ukachukua mfuko mtupu ukaondoka. Unaniuliza utakanyaga wapi? Kanyaga njia ya Sotik.

Nenda kwanza kwa Alfayo, leo, umwambie yote. Mwombe akuandikie barua kwa yule mzungu wa ng'ombe, kumwomba aandike upya kwamba Gekara aliachiliwa naye, na tarehe yake. Barua hiyo uipeleke mwenyewe. Wewe ni tarishi, miguu unayo, na safari hii mfuko utakuwa na kitu. Usirudi bila jibu. Kama bwana hayupo, muulize mke wake, au nyapara wake, mtu yeyote aliyemwona akiandika.

Ukirudi, usingoje Ijumaa. Nenda kwa D.C. ambaye unasema anaijua hodi yako, umpe jibu la Sotik, weka kisu mezani, useme ni wewe. Huenda utafungwa. Sitakudanganya kwamba hutafungwa. Kazi pia huenda ikaisha, na chai itatoka kiwandani vilevile.

Limebaki lile unaloliogopa kuliko jela. Omba ruhusa umwone Gekara, na usimwambie habari ya kisu, hiyo anaijua. Mwambie hapakuwa na neno baya lolote pale, na kwamba hukuweza kusoma. Amekaa ndani akifikiri alimkosea mtu wa Sotik mpaka akaandikiwa ubaya, na kwamba wewe ulimpenda ukataka kumwokoa. Hilo la pili huenda ni kweli. La kwanza mwondolee.

Na Phelis akileta ugali kesho, usingoje auweke chini. Toka nje uupokee, umweleze hapo hapo mlangoni, hata kama Nyambeki anasikia. Kisha funga viatu, uanze njia ya Sotik.