Vifaranga wa Upande wa Mlonge

Love, acha unachofanya usome. Shemeji yako Obadia kaaibika leo hapa Manundu, hata kumtazama usoni siwezi.

Si unajua alivyoligawa banda kwa ubao? Kulia vifaranga wa broila wanaochanganyiwa unga wa mlonge kwenye chakula, kushoto wanaokula chakula kitupu, aone nani watakua haraka. Mtaa mzima kautangazia.

Leo kaleta kina mama wafugaji kutoka Handeni, waone wenyewe halafu waanze kununua unga wake. Kafungua mlango kwa mbwembwe.

Wa kushoto wamenona, mapaja hayo. Wa mlonge wadogo, utadhani wameanguliwa juzi. Wa mlonge, Love. Ndio wadogo.

Bi Mwanaidi, kiongozi wao, akauliza taratibu, "Sasa baba, hii dawa ni ya kukuza au ya kudumaza?"



Mama yake Obadia ndiye akajibu kutoka jikoni, hana hata wasiwasi: "Mimi kila asubuhi nawahamisha. Aliyedumaa nampeleka upande wa dawa. Akinona namtoa, si ameshapona?"

Ameshapona. Kila asubuhi.

Obadia kaanza kueleza, nani amsikilize? Wameondoka wanasema mlonge hawaugusi, ila huyo mama anajua kulea.

Sasa kakalia gunia la unga, kanuna. Nikaenda kumtafuta mama aje ambembeleze mwanawe. Nimemkuta bandani, kashika kifaranga mkononi, anachagua wa kubadilishana naye upande.