Mtani Wangu Ananisalimia kwa Heshima

Kaliua, ghala la tumbaku

Mke wangu Mama Kulwa,

Salamu zikufikie hapo Goweko, wewe na wote wanaolala chini ya paa letu. Goti lako linaendeleaje, na mvua imeshuka au bado inawazunguka? Mimi mzima, nguvu ninazo, ghala nalilinda na mwizi akisikia kikohozi changu tu anabadili njia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Simu siitaki kwa jambo hili, simu ina masikio. Na kama anayekusomea ni kaka yako, mwambie asome yote asiruke, namjua.

Timu yetu ya stesheni imefungwa mabao saba bila na wale wa Urambo, hapahapa nyumbani. Saba, Mama Kulwa. Mimi niliyecheza winga wa kushoto mpaka mabeki wakawa wanajitia ugonjwa, nimekaa pale naangalia saba. Kipa wetu alikuwa anatazama mawingu. Refa alikunywa soda ya nani, hakuna anayesema. Lakini mimi nilianza kumshuku Chibago.

Chibago ni yule Mgogo fundi wa reli niliyekwambia, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Asubuhi ya mechi alipita hapa ghalani, akanivua kofia yangu ya timu, akaivaa, akaondoka nayo. Mtani akichukua humnyang'anyi, ndivyo tulivyokuta kwa wazee. Lakini mimi uwanjani siendi bila kofia ile, na nikiwa nayo hatujawahi kuaibika. Halafu namwona stesheni, kofia yangu kichwani, anacheka na wageni wa Urambo. Anacheka nini?

Mpira ulipokwisha akaja na Wagogo wenzake kuweka matanga. Wakakaa chini mlangoni kwangu, wamejipaka majivu, wanamlilia marehemu timu. Chibago akasema, "Mpagazi wangu, mabao saba hayo utayabeba kichwani au begani? Goweko mbali, tua kwanza upumzike." Wapita njia wakasimama kucheka.

Damu ikanipanda. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasema Chibago ameniibia kofia na mechi ameiuza yeye. Mwenyekiti akanitazama sana.

"Baba Kulwa, unamshitaki mtani?"

Nikasema ndiyo, namshitaki.

Chibago akaitwa. Nilitegemea atanitukana mpaka tusahau kesi. Badala yake akanipa kofia kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, mzee wangu."

Tangu hapo akipita ananiambia, "Habari za asubuhi, mzee," anakwenda zake. Kwanza nikasema ni hila, nikamvizia nione anapanga nini. Hapangi kitu. Ananisalimia tu, kama mtu anavyomsalimia karani.

Wewe unajua, ile homa iliponiangusha ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, ananitukana njia nzima, anasema Mnyamwezi mgonjwa ni mzito kuliko gunia la chumvi. Nikapona. Hapa ndugu wa damu sina. Nikifa, wa kunishusha kaburini na kunicheka nikiwa humo ni yeye. Sasa amenifanya mgeni.

Kipa bado nasema alilishwa kitu. Hilo siliachi, hata wewe usijaribu.

Lakini Jumapili nakwenda kwa Chibago. Sipigi hodi. Naingia uani, namkamata jogoo wake mkubwa mbele ya mkewe, natoka naye taratibu. Akinikimbiza kwa matusi mpaka barabarani, nitakaa Kaliua. Akisema, "Mchukue tu, mzee," basi nitandikie kitanda, nitakuja na treni inayofuata.

Nisalimie dada yangu mjane, na mkwe wetu mke wa Kulwa, na fundi baiskeli jirani yetu, ila huyo usimwambie habari za mabao. Mungu awalinde, na funga mlango wa nyuma.

Mumeo,
Baba Kulwa