Sakafu ya Pijo Yako

Mpendwa Baba,

Gari lako, ile Pijo, limetoka shimoni. Najua ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata ya habari ya Mama, kwa hivyo naanza nalo.

Bwana Harjit, yule rafiki yako wa vipuri wa River Road tuliyempa gari baada ya kukuzika, alilitunza vizuri kwenye makumbusho yake ya magari ya zamani huku Waithaka. Kumbe chini ya sakafu ya saruji kulikuwa na choo cha shimo. Aliyemuuzia shamba alikifukia kwa taka na udongo, akanyamaza. Masika yalipokolea, sakafu ikazama na magari matatu. Lako ndilo lililotangulia. Gari ambalo hukutaka hata nzi atue juu yake, Baba, likalala chooni.

Unakumbuka Jumapili zetu? Injini inanguruma, sisi tumepanga foleni mlangoni. "Vua viatu kwanza." Hata Mama na visigino vyake vya kanisa. Tulifika kanisani tumepakata viatu, tukavivaa mbele ya waumini wote. Siku ulipomkimbiza jirani yetu Mama Njoki hospitali, uchungu umemshika, bado ulimvua patipati! Waithaka nzima ikakuita Bwana Vua Viatu. Nami nilikuita hivyo nikiwa na wenzangu, naigiza mpaka kikohozi chako. Niliona ni maringo tu.

Basi winchi ikainua pijo, watu wamejaa na visimu vyao wakipiga picha. Ikaning'inia, maji machafu yakichuruzika, tumbo wazi. Sakafu haikuwepo. Kulikuwa na mikebe ya mafuta ya kupikia, umeikunjua na kuipigilia juu ya kutu, mmoja mmoja.

"Ai! Kumbe hii gari ilikuwa inatembea na mikebe!" mtu akapiga kelele, wakaangua kicheko. Nikainamisha uso, Mungu anisamehe, nikatamani lile shimo linimeze na mimi.

Mama hakujificha. Alisogea akaigusa.

"Si hii ndiyo mikebe nilikuwa natafuta jikoni?" akasema. Kisha polepole, "Alikuwa anaogopa visigino vyangu. Vingetoboa."

Baba, ulianza kutuvua viatu mwaka nilioenda bodingi, karo yangu ilipomeza pesa zote. Mbona hukusema? Uliona aibu, ukatuacha tukucheke miaka yote hiyo, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Nikikumbuka, uso unanichoma.

Mafundi wameinyoosha bodi, wamepaka rangi nyeupe ile ile, wamechomea sakafu mpya. Mikebe Mama ameiosha, ameiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na hataki maswali.

Jumamosi Bwana Harjit alitufungulia mlango wa gari. "Mama, ingia na viatu tu. Hii chuma ni mpya, hata ndovu inaweza simama."

Mama akaingia na visigino vyake. Akakanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu, akalia. Akanipigia kiti cha nyuma kwa kiganja. "Njoo."

Nilishindwa, Baba. Nilibaki pale nje peku, viatu mkononi.

Pumzika. Atakayelitaja lile jina la Bwana Vua Viatu mbele yangu nitamweleza habari ya mikebe, hata nikiona haya.

Ni mimi,
Binti yako wa kiti cha nyuma