Vidonge vya Kwenye Pindo la Kanga

Alhamisi, Unyambwa

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa.

Mwalimu wetu wa somo la dawa hapa chuoni aliuliza nini humpata mtu anayenunua vidonge vya maumivu vya diklofenaki dukani bila cheti cha daktari na kuvimeza kila siku kabla ya kula. Nikawahi kujibu: "Vidonda vya tumbo." Mwenzangu akadakia, "Bibi zetu vijijini wanavitafuna vidonge hivyo kama karanga!" Darasa zima likacheka.

Marehemu bibi yangu kule Sepuka hakuvitafuna. Alivifunga kwenye pindo la kanga. Tukitoka kupiga alizeti, anafungua fundo kwa meno, taratibu, anameza kimoja. "Ugali baadaye, mjukuu wangu. Kwanza huu mgongo unyamaze." Ile kanga ilinukia moshi. Ningeipata leo, ningeilalia.

Vikiisha, ananituma dukani. Nilikuwa nakimbia kwenda na kurudi, nimkute bado amekaa mlangoni, aseme, "Daktari wangu huyo, amefika."

Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Siku tumbo lilipoanza kumchoma, alinituma tena. Nilikimbia kuliko siku zote, nikamletea vidonge vilevile.