Mjomba Salmini Kikaangoni

Jumapili, baada ya isha

Kala! Mama mkwe kala, tena kalamba vidole.

Siku tatu tangu aje kutoka kisiwani Funzi, kila nikipika samaki anadonoa kidogo na kusema ameshiba. Nilishaanza kuogopa kwamba ni mimi asiyenitaka, si chakula.

Jana mpishi mkuu pale hotelini ninapofanya kazi alinigawia mnofu wa samoni, samaki wa ng'ambo. Leo nikasema liwalo na liwe. Nikaukata vipande vidogo kama kashata, nikavipaka kitunguu thomu, tangawizi, ndimu na pilipili ya kusaga, nikavikaanga mpaka vikakauka pembeni.

Akaviangalia. "Kichwa chake ki wapi?" Kwao Funzi, samaki asiye na kichwa ni wa kushukiwa.

"Huletwa hivyo hivyo, mama. Anaitwa samoni."

"Salmini?" Akaisukuma sahani. "Salmini ni mjomba wangu, Mungu amrehemu. Mimi nimle mjomba?"

Nilitaka kulia. Kisha nikamwona mume wangu amejiziba mdomo kwa kanzu, nikashindwa, nikaangua kicheko. Mama naye akacheka, na katika kucheka akaonja kimoja.

Akachukua cha pili. Pilipili ikamtoa machozi, na mkono haukusimama.

Kilipobaki kipande kimoja nikadhani ataniachia mimi, maana hata kuonja sijaonja. Akakinyakua.

"Mwanangu," akasema, "mjomba hakupenda kukaa peke yake."