Mstari Mmoja, Kiganja cha Maharage

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Mama mpenzi,

Mgongo wako unaendeleaje? Usinijibu "namshukuru Mungu" halafu ukarudi shambani kuinama kutwa nzima, nakujua. Mimi ni mzima, hata nimenenepa, na baridi ya hapa Kadutu nimeshaizoea.

Kazi ya kituo cha watoto inaendelea. Kuna binti wa miaka tisa, Nsimire, ambaye serikali imemhamisha kituo mara tatu. Hatulii, kwenye benchi dakika mbili ni nyingi. Ila kusoma nilidhani anajua, na nilijisifu kweli, maana kila jioni alinisomea kitabu chake bila kukosea. Kumbe darasani wanaimba kurasa pamoja wakimfuatisha mwalimu, naye amezishika zote kichwani. Siku mkubwa wetu wa kituo, maman directrice, alipomfungulia ukurasa mwingine, mtoto aliendelea na ule wa kwanza! Nilitamani ardhi inimeze.

Directrice akaniambia, "Maman Zawadi, kama trimestre inaisha hajajua kusoma, tutamutuma ku centre ya Kamanyola, ajifunze kushona."

Mama, nililia. Kushona si kubaya, lakini kuhamishwa mara ya nne, mwisho wa muhula huu? Sikumwambia mtoto.

Dawa niliipata kwa bahati tu. Nilikuwa nachambua maharage jikoni, akaja kunisaidia, kitabu kikiwa wazi mezani. Nikaona mikono ikipata kazi, miguu inatulia. Basi ikawa kila siku: mstari mmoja, kidole chini ya kila neno, halafu kiganja cha maharage kutoa mawe, halafu mstari mwingine. Haba na haba. Kuna siku tulipata mistari miwili tu, na maharage safi kabisa.

Juzi directrice akatukuta, akakasirika.

"Mutoto iko hapa juu ya kusoma ao juu ya kupika?"

"Mufungulie kitabu yenye unapenda, maman," nikasema.

Akaleta kitabu ambacho Nsimire hajawahi kukiona. Mtoto akasoma polepole, akakwama, akatoa mawe mawili, akarudi kwenye neno, akalitamka. Mistari minne! Directrice akavuta kiti, akaanza kuchambua naye. Alipotoka, mlangoni akaninong'oneza, "Anabakia." Sasa ananiletea watoto wengine watatu wasiotulia, na jikoni hakuna pa kugeukia.

Nisalimie kaka mkubwa, na shangazi anayekutekea maji. Mwambie nimeipata pilipili yake, inaua.

Nsimire amesimama nyuma ya bega langu tangu nilipoanza ukurasa huu wa pili. Ameona jina lake, nikamwacha asome. Kidole kimepita neno kwa neno mpaka pale nilipoandika alichoninong'oneza directrice mlangoni. "A-na-ba-kia." Akaniuliza, "Ni miye?" Nikamwambia, ni wewe.

"Nilikuwa najua mulitaka kunituma ku Kamanyola," akasema.

Nimechelewa kuifunga barua, Mama, kwa sababu anataka kulisoma tena neno lile.

Binti yako anayekukumbuka,
Zawadi